Wasifu Ulisema Watano

Wasifu wa bibi yangu mzaa baba, ule uliosomwa siku ya maziko, ulienea nusu ukurasa wa karatasi ya daftari. Baba mdogo aliuandika usiku wa kuamkia siku hiyo, amekalia ndoo iliyofunikwa, huku akiulizwa kila dakika habari za masufuria na maturubai. Marehemu alizaliwa mwaka 1932 wilayani Kwimba, mkoani Mwanza. Aliolewa. Alijaliwa watoto watano, wajukuu na vitukuu. Enzi za uhai wake alikuwa mkulima hodari, mcheshi na mcha Mungu. Alianza kusumbuliwa na presha, akatibiwa, hali ikabadilika ghafla, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Hakuna uongo mkubwa humo, ukiacha hilo la mcheshi. Shida ni kwamba ukifuta jina na wilaya unaweza kumzikia mtu mwingine kabisa.

Mimi bibi nilimjua kwa njia mbili. Kwanza kwa kuishi naye likizo za shule, nikilala kitanda kimoja naye na kuamshwa kabla ya jua twende kuchuma pamba. Pili kwa madaftari yake, ambayo tuliyakuta baada ya matanga kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, yamelazwa chini ya kanga mpya alizokuwa akizitunza bila kusema anazitunzia nini. Ni madaftari ya kawaida ya wanafunzi, yale yenye tebo ya kuzidisha nyuma ya jalada. Kingo zimeliwa na mende. Tulikuwa tukimwona anaandika jioni tukadhani ni hesabu za akina mama wa kanisa, basi.

Utotoni hakukanyaga shule. Kaka zake walipelekwa misheni, yeye akabaki na ndama, halafu akaolewa. Alikuwa anakaribia miaka arobaini pale serikali ilipomfuata. Mwalimu Nyerere, katika hotuba ya kuukaribisha mwaka 1970, aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka uliofuata TANU ikaazimia kwamba ifikapo mwisho wa 1975 kila mtu mzima awe anajua kusoma na kuandika. Kwetu Kanda ya Ziwa mambo yalikuwa yameanza mapema kidogo, kwa sababu mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO ulikuwa umetua Mwanza tangu 1968. Hawakuwafundisha watu wazima kwa nyimbo za chekechea. Vitabu vya kisomo vilifuata kazi za watu: kuna cha pamba, cha ndizi, cha uvuvi, cha ufugaji, cha maarifa ya nyumbani. Bibi alisomea pamba. Vitu vya kwanza kuvitambua kwenye karatasi vilikuwa vile ambavyo mikono yake ilikuwa imevizoea miaka yote, jembe na mbegu na palizi, na nadhani ndiyo maana alikwenda haraka.

Darasa lilikuwa chini ya mti karibu na ofisi ya TANU, jioni, baada ya shamba. Mwalimu alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, tena rika la mwanawe. Kila jioni alianza kwa kuwaamkia wanafunzi wake shikamoo mmoja mmoja, kisha akawafokea kwa kushika penseli kama mchi. Wanaume walijaa wiki za mwanzo, halafu wakaanza kupotelea kilabuni. Waliobaki wengi walikuwa wanawake, baadhi wakiwa na watoto mgongoni. Babu hakufurahia. Alisema mwanamke anayesoma na mume hasomi ni matusi, lakini alikuwa na mdogo wake aliyefanya kazi kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, na barua za Mwadui hadi wakati huo zilisomwa na mtoto wa jirani, kijiji kizima kikajua nani anadaiwa na nani anaumwa. Siku bibi alipomsomea babu barua ya kwanza, polepole, kidole chini ya kila neno, mlango umefungwa, ugomvi wa kisomo uliishia hapo.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Watu walikaa kwa vikundi kwa balozi wa nyumba kumi, mwenye redio, wakasikiliza, kisha msomaji wao akasoma kitabu cha kampeni na wote wakajadili: choo, maji, malaria. Bibi akawa msomaji wa kikundi. Kuanzia hapo hadi anakufa hakunywa maji ambayo hayajachemshwa, na hakukuruhusu na wewe uyanywe, hata uwe umetembea kutoka stesheni ya Malya juani. Ungekaa na kiu yako huku ukiyatazama yakipoa.

Mwaka uliofuata Operesheni Vijiji ikapita. Familia ilihamishwa kutoka kwenye mji wa babu, wenye zizi na minyaa yake, ikapangwa mstarini kwenye kijiji kipya, mapaa ya nyumba za zamani yakabaki wazi. Nilimuuliza habari hiyo mara nyingi, na jibu lake lilikuwa fupi kila mara: "Walituhamisha na mvua inanyesha. Ubao wa kisomo waliutanguliza." Sikujua anasifu au analaumu. Nadhani ni vyote viwili, na sijaona kitabu cha historia kilichoisema miaka ile kwa maneno machache namna hiyo.

Agosti 1975 alifanya mtihani wa taifa wa kisomo. Cheti chake cha hatua ya tatu tulikikuta kimekunjwa ndani ya kadi ya TANU.

Wengi aliosoma nao walisahau baadaye. Uchumi ulipobana miaka ya themanini, madarasa yalilala, vitabu vikaisha, na mtu asiye na cha kusoma hubaki na kuandika jina lake tu. Bibi hakusahau. Aliniambia sababu mwenyewe, na sababu ilikuwa mizani.

Ilikuwa hivi. Pamba ikivunwa huchambuliwa nyumbani, safi upande huu na fifi upande ule, kwa sababu bei zake ni mbili. Kisha inafungwa furushi, inabebwa kichwani hadi ghalani, inatundikwa kwenye mizani, na karani anataja kilo huku akiandika kwenye risiti. Mkulima asiyesoma anasikia namba, anapokea karatasi, anakwenda kwenye foleni ya fedha. Bibi alikuwa amefanya hivyo tangu aolewe. Msimu mmoja baada ya kisomo alisimama karibu na mizani, akautazama mshale, akausikia mdomo wa karani ukisema thelathini na nane.

"Kijana," akamwambia, "soma tena."

Karani akasoma tena, thelathini na nane.

"Mimi naona arobaini na tatu. Au nimefundishwa vibaya? Mwalimu wangu yule pale, tumwite?"

Foleni nzima ikanyamaza, halafu ikacheka, halafu, na hapa ndipo bibi alipokuwa akipunguza sauti kwa raha, wanawake waliokuwa wameshapimiwa wakaanza kurudi na mafurushi yao. Kazi ilisimama hadi jioni. Karani alihamishwa kabla ya msimu kwisha. Bibi hakudai kwamba ni yeye aliyemhamisha, ila hakukanusha ukisema hivyo. Tangu siku hiyo alikwenda mnadani na penseli kwenye kilemba na akaandika kilo zake kabla karani hajaandika zake.

Kwa hiyo madaftari yake yanaanza na pamba. Kurasa na kurasa za "safi" na "fifi", kilo, fedha, mwaka. Nimekaa nayo mezani nikaona mambo ambayo hakuna aliyewahi kunisimulia. Msimu wa 1979 kilo zimeshuka kwa nusu, na pembeni ameandika kwamba mtoto yuko vitani. Si mtoto wake wa kumzaa, ila alilelewa hapo. Alikwenda Kagera na akarudi. Kuna ukurasa wa njaa wenye neno moja tu juu, "yanga", yaani yale mahindi ya njano ya msaada, na chini yake orodha ya nyumba alizogawana nazo na vipimo kwa kopo. Kuna Mei 1996: "Meli imezama. Mtoto wa mama mwalimu hajapatikana." Hiyo ni MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba na kuua mamia ya watu. Ameandika siku tatu mfululizo, "hajapatikana", "hajapatikana", kisha inafuata hesabu ya choroko.

Mwandiko ni wa herufi zilizosimama moja moja, na Kiswahili ni cha Kisukuma, hakina r hata ya dawa. Mvula, balua, ledio. "Leo mvula usiku kucha. Choloko imeoza." Nilipoanza kunakili nilikuwa nasahihisha, shangazi akanikataza. Alisema ukiweka r hapo, mama hayupo tena.

Sitaki kumfanya malaika. Daftari moja zima ni la madeni, na halina huruma. "Debe 2 za mpunga kwa mke wa balozi. Alisema mwezi. Mwezi umekwisha." Wiki mbili baadaye: "Bado." Wiki nyingine: "Nimemwona kanisani na kitenge kipya. Bado." Wanawe wamo pia. Baba yangu anadaiwa shilingi alizokopa kulipia nauli ya Dar es Salaam alipokwenda kutafuta kazi, na deni hilo halijafutwa hadi leo, ingawa kwa thamani ya sasa halinunui hata kiberiti. Baba mdogo anadaiwa ndama. Ukarimu aliokuwa nao, na alikuwa nao kweli, ulikuwa wa kuandikwa. Alikupa kitu bila kusita na akakumbuka siku uliyopewa.

Daftari la misiba lilikuwa na kazi ya namna hiyohiyo. Kila msiba alioshiriki kijijini na vijiji jirani: nyumba gani, alipeleka nini, alilala siku ngapi. "Unga debe 1, kuni, maji ndoo 3, nimelala 2." Babu alipofariki aliandika upande wa pili: nani alileta nini. Alipofariki yeye, shangazi alilitoa daftari hilo jikoni akalisoma kimyakimya, akawaambia vijana waongeze maturubai. Alijua idadi ya watu watakaokuja kuliko kamati. Na walikuja, karibu nyumba zote zilizomo, hata familia moja ambayo bibi alikuwa hasemezani nayo. Walileta unga debe moja, maji ndoo tatu, wakalala siku mbili.

Lakini ukurasa uliobadilisha mambo nyumbani kwetu ni wa lile daftari la penseli, la zamani kuliko yote. Kurasa za mwanzo ni mazoezi: irabu, silabi, jina lake limerudiwa hadi mwisho wa ukurasa, jina la kijiji, jina la babu. Halafu linakuja jambo la kwanza ambalo mwalimu hakumpa aandike. Juu kuna "Watoto wangu", na chini yake mistari minane.

Wasifu ulisema watano. Tunaowajua ni watano, shangazi wa kwanza na baba mdogo wa mwisho. Baada ya shangazi kuna "Kulwa. Doto. Sulua," yaani surua. Kisha Shija, ambaye ni baba yangu. Kisha wengine, na katikati yao mstari unaosema "Wa kike. Siku 4. Hana jina."

Kila Msukuma anajua kwamba Shija ni mtoto anayefuata mapacha. Tumemwita baba hivyo maisha yake yote, mbele ya majirani na mbele ya mchungaji, na ndani ya nyumba hakuna aliyewahi kuuliza mapacha wenyewe walikwenda wapi. Baba mwenyewe hakuwahi kuuliza. Nilipomwonyesha ukurasa ule aliuangalia kwa muda, akatoka nje kwenda kuangalia ng'ombe ambao tayari walikuwa wamefungiwa.

Shangazi ndiye aliyekuwa na umri wa kukumbuka. Nilimkuta anatandaza michembe, vile viazi vya kukausha, kwenye jabali, nikamsaidia huku nikimuuliza, kwa sababu bibi alinifundisha kwamba mtu mwenye kazi mkononi husema zaidi. Akasema ilikuwa wakati wa palizi, kabla chanjo ya surua haijafika vijijini huku. Doto alitangulia, Kulwa akamfuata kabla ya wiki kwisha. Walikuwa wameanza kutembea. Mama yao alimkataza yeye kuwataja, asije huyo aliye tumboni akasikia. Aliye tumboni ni Shija.

"Na wewe hukuwahi kumwambia baba?"

"Angeuliza ningemwambia."

Hapo nilielewa kitu kuhusu kuuliza wazee ambacho sasa nakisema kwa kila mtu mwenye bibi aliye hai. Usimwambie akusimulie maisha yake. Nilimwambia hivyo bibi mara ya kwanza nilipowasha simu kumrekodi, akakaa wima, akakohoa, akasema, "Maisha yalikuwa magumu, tukamshukuru Mungu," akanyamaza. Angesema hivyohivyo kwa mwandishi wa habari. Muulize vitu. Kisima kilikuwa wapi kabla ya Operesheni? Nani alikuwa ana redio? Siku ya mizani ulivaa nini? Hilo la mavazi lilimchukua saa nzima, kwa sababu kanga ya siku hiyo ilikuwa imenunuliwa Ngudu na kuna ugomvi ndani yake.

Tarehe nazo usimuulize kwa namba. Ule mwaka wa 1932 ni wa makadirio, aliupata siku ya kuandikishwa, na kitambulisho cha taifa kikampa tarehe 1 Julai, tarehe ambayo majirani zake wawili wa rika lake nao wanayo. Yeye mwenyewe alisema alizaliwa wakati wa nzige. Aliolewa kabla ya Uhuru, mtoto wake wa mwisho aliachishwa ziwa wakati wa Operesheni, nyumba ya bati ilijengwa mwaka aliokufa Sokoine, yaani 1984. Ukishika vigingi hivyo, mengine yanajipanga yenyewe, na utaona mahali ambapo panaruka. Kati ya shangazi na baba palikuwa na pengo la miaka minne, katika familia ambayo watoto walifuatana kwa miwili. Pengo hilo lilikuwa wazi muda wote, hata bila daftari.

Na jambo jingine: kuna ambayo hatasema hata umuulize vizuri, na ni haki yake. Nimesikiliza rekodi zangu zote upya baada ya kuuona ukurasa ule. Mahali pamoja namuuliza alijifungua wapi watoto wake, anataja mmoja mmoja, na baada ya shangazi ananyamaza, unasikia kuku, halafu anasema, "Mke mwenzangu, chai yako inapoa." Alikuwa akiniita hivyo nikiwa karibu na jambo asilotaka niliguse. Miaka arobaini na zaidi kabla ya hapo alikuwa ameshaliandika, lakini hakuliandika kwa ajili yangu.

Ibada ya kumbukumbu ilipofika, mwaka baada ya maziko, baba ndiye aliyeandika wasifu. Ulifika kurasa mbili na nusu. Mchungaji aliangalia saa. Kilikuwamo kisomo, ilikuwamo mizani pamoja na kilo zenyewe, yalikuwamo maji ya kuchemsha, na baba aliposoma "alijaliwa watoto wanane" sauti ilimkatika, shangazi akaichukua karatasi akaendelea. Chini ya mwembe kulikuwa na wazee wa kike wawili waliobaki wa rika la bibi. Mmoja wao, ambaye masikio yake si mazuri, aliuliza kwa sauti kubwa ni wanane wepi, akaambiwa. Akasema, "Eeh, na yule wa kike. Mimi ndiye niliyempokea. Alizaliwa siku ya mnada." Kisha akaanza kusimulia, ibada ikiwa inaendelea, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha. Alisema mtoto alikuwa na nywele nyingi. Alisema bibi alitaka kumpa jina la mama yake lakini akasubiri kitovu kidondoke. Hayo nayo nimeyaandika, ukurasa uleule, kwa kalamu ya rangi tofauti ili ijulikane ni mimi.

Madaftari sasa anayo shangazi. Ameendeleza la misiba na la mvua, na hakuacha kuandika la madeni. Kikao cha familia kilikubaliana kufuta ya majirani, isipokuwa la mke wa balozi, ambaye mwanawe alileta debe mbili za mpunga kabla hata hajaulizwa. La ndama lilichukua mchana mzima. Baba mdogo anasema ndama huyo alikufa kwa ugonjwa, hakuzaa, na kwamba daftari la marehemu si ushahidi popote. Shangazi alifungua ukurasa wa mwaka huo akamsomea, "Ndama wa mdogo wetu amezaa. Bado," na wanaendelea kutofautiana.